Theluji ya Kibo na theluji ya Uswisi: mwongozaji wa Moshi ajiandae vipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongozaji wa watalii hapa Moshi. Nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, sasa napandisha wageni Kilimanjaro kwa njia za Machame na Lemosho. Mgeni wangu mmoja wa Uswisi amenialika kwao mwezi wa pili tutembee milimani kwa viatu vya theluji, nje ya njia zilizotengenezwa. Anasema hatutavuka mita 3,000. Kwa mtu aliyezoea 5,895 kuna la kuogopa kweli? Nasikia kule theluji huporomoka na kufukia watu. Mbona Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, hatuyaoni hayo? – Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba, na hongera kwa mwaliko. Nianze na hizo mita, maana ndizo zinazoweza kukuponza. Urefu wa mlima peke yake hausemi lolote kuhusu poromoko la theluji. Kwa mita 2,500 utapumua vizuri kuliko pale kambi ya Barranco, kichwa hakitauma, miguu itakuwa na nguvu, na hali hiyo ndiyo itakayokufanya ujione uko salama. Macho uliyonayo wewe ni ya kumwangalia mgeni: anakohoaje, anatembeaje, midomo ina rangi gani. Kule itabidi uitazame ardhi unayoikanyaga, tena sehemu yake isiyoonekana.

Poromoko linaloua watu wengi wanaotembea milimani si lile la theluji laini inayomwagika kutoka juu. Ni bamba. Theluji iliyoshikana hukaa juu ya tabaka dhaifu, na tabaka hilo likivunjika mahali pamoja, mpasuko hukimbia chini ya theluji na bamba zima hung'oka kwa mpigo, wewe ukiwa juu yake. Katika ajali nyingi za aina hii, takriban tisa katika kumi, bamba huvunjwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake aliye karibu. Ni uzito wa mtu unaofanya kazi hiyo.

Tabaka dhaifu linatoka wapi? Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini Kibo ni tofauti. Kule kwenye milima ya Alps theluji ya mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili huweza kubaki chini mpaka majira ya kuchipua, huku nyingine ikirundikana juu yake. Ardhi chini ya theluji hukaa karibu na sifuri, lakini hewa juu inaweza kuwa nyuzijoto 15 chini ya sifuri. Kama theluji ni nyembamba, tofauti hiyo kubwa ya joto inabanwa ndani ya sentimita chache. Mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu na kuzibadilisha chembe: zinakuwa kubwa, zenye kona, hazishikani, kama sukari mkononi. Kisha inakuja dhoruba, inaweka nusu mita ya theluji mpya juu ya sukari hiyo. Kwa macho utaona mteremko mweupe, safi, wa kupendeza.

Kibo haipati nafasi ya kujenga matabaka ya namna hiyo. Hatuna miezi ya baridi mfululizo. Jua letu linapiga karibu wima mwaka mzima, theluji mpya nyingi huondoka ndani ya siku chache, na inayobaki huyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku mpaka ikashikana. Isitoshe, njia tunazopandisha wageni wengi, kama ile ya kutoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point, sehemu kubwa yake haina mwinamo mkali kiasi cha kuachia bamba.

Mwinamo ndio neno la kukaa nalo. Mabamba mengi hung'oka kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya 30 ni nadra. Simu yako ina uwezo wa kupima mwinamo, na ramani nzuri za Uswisi zina rangi zinazoonyesha wapi pamezidi 30. Ukinisikiliza katika jambo moja tu, liwe hili: siku ambayo huna uhakika na theluji, tembea chini ya nyuzi 30, na usipite wala kupumzika chini ya mteremko unaozidi hapo. Mtu anaweza kuuvunja mteremko akiwa kwenye tambarare iliyo chini yake, kwa sababu mpasuko husafiri.

Kuna tabia ya kazi yetu ambayo utalazimika kuiacha Moshi. Sisi tunaondoka kambini usiku wa manane kwa sababu baridi hushika mawe na changarawe, na asubuhi yote tunajua jua likipanda mambo yanalegea. Kwa theluji yenye majimaji ya majira ya kuchipua, mwezi wa nne kwa mfano, mantiki hiyo inafaa hata kule. Kwa mwezi wa pili haifai. Baridi kali hulihifadhi tabaka dhaifu. Linaweza kukaa wiki kadhaa bila kupona. Kuamka saa nane usiku hakutakusaidia kitu.

Kila siku ya baridi taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, inayoitwa kwa kifupi SLF, hutoa taarifa ya hatari saa kumi na moja jioni, na kuihuisha asubuhi. Ngazi ni tano. Wageni huangalia ngazi ya 3 wakaona ni katikati, basi si mbaya. Ni mbaya. Karibu nusu ya vifo hutokea kwenye ngazi hiyo, kwa sababu mtu mmoja anatosha kuvunja bamba na watu bado wanatoka. Soma pia maelezo yaliyo chini ya namba: miteremko inayotazama wapi, kuanzia urefu gani, upepo umerundika theluji upande upi. Upepo wa siku moja unaweza kuupakia upande uliojikinga theluji nyingi kuliko dhoruba yenyewe.

Ukiwa njiani, kuna dalili zisizohitaji kifaa. Ukisikia mshindo mzito, kama kitu kimebonyea chini ya miguu, na theluji ikashuka kidogo, tabaka limevunjika hapo uliposimama. Ukiona ufa unakimbia mbele ya kiatu, au poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, geuza. Usibishane na mshindo huo hata kama mwenyeji wako anatabasamu.

Mwombe akuonyeshe pia kuchimba shimo. Mnakata ukuta wima mpaka karibu na ardhi, unapitisha kidole kutoka juu kwenda chini na kusikia wapi kinazama. Kisha mnatenga mhimili wa theluji wa sentimita 30 kwa 30, mnaweka koleo juu yake na kuligonga: mara kumi kwa kiganja ukikunja kifundo cha mkono, kumi kutoka kiwiko, kumi kutoka begani. Mhimili ukikatika kwa mapigo machache na kuteleza nje kama droo, utakuwa umeona kwa macho yako ninachokieleza hapa. Lakini shimo moja haliruhusu mteremko mzima. Mita 20 pembeni hali inaweza kuwa nyingine kabisa.

Vifaa ni vitatu, kila mtu na vyake: kifaa cha mawimbi cha kilohezi 457 kinachovaliwa mwilini ili aliyefukiwa atafutwe kwacho, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Aliyefukiwa huishiwa hewa. Akifukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikipita nusu saa wengi huwa wamekufa. Helikopta za Uswisi ni hodari, ila dakika hizo za kwanza ni zenu mlio hapo.

Kuhusu nyumbani, usiache ulinzi kabisa. Hatari yetu kubwa ya kuangukiwa ni mawe. Mwezi wa kwanza 2006 mawe yaliwaua wapandaji watatu kwenye njia ya Western Breach, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Barafu inayoyashika mawe ya juu inazidi kupungua. Na ukikuta theluji nzito ya masika imelala kwenye mwinamo mkali kama ule, kanuni ya nyuzi 30 ni ile ile.

Kabla hujakubali tarehe, mwulize mgeni wako kama atakutafutia kifaa cha mawimbi na siku nzima ya kufanya mazoezi ya kutafuta aliyefukiwa, tena kabla ya matembezi. Mwulize nani ataongoza, na ana cheti gani. Akijibu kwamba anaijua milima hiyo tangu utoto, mwambie kwa heshima mchukue mwongozaji wa huko mwenye leseni, kama yeye anavyokuchukua wewe huku.