Mtindi haugandi Tukuyu: sukari haitasaidia, shughulikia joto

Pole dada. Umesema uliweka nusu kilo ya sukari kwenye lita 5 ili bakteria wa mtindi wapate chakula, na asubuhi ukakuta majimaji. Chakula wanacho tayari: laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, karibu gramu 45 hadi 50 kwa lita. Haipenyi yenyewe kwenye utando wa seli (ngozi nyembamba ya bakteria). Kuna protini inayoidaka nje na kuiingiza, na mara nyingi galaktosi (kipande cha laktosi iliyokwisha kukatwa) hutolewa kwa kubadilishana. Ndani laktosi hukatwa, kipande chake kingine, glukosi, kikageuzwa asidi inayogandisha maziwa. Baridi ya huko kwenu milimani Tukuyu hupunguza sana kasi ya kazi hiyo, na sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya seli. Umewabana pande zote mbili.

Fanya hivi: chemsha maziwa, yapooze hadi nyuzi 43 (yasizidi 45; yakiwa moto sana utawaua bakteria), koroga vijiko 2 vya chakula vya mtindi wenye bakteria hai usio na sukari kwa kila lita. Funga sufuria kwa blanketi ndani ya boksi lenye chupa za maji moto, saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Sukari weka wakati wa kunywa.

Ikigoma tena, muulize aliyekuuzia kama ng'ombe alichomwa antibiotiki. Mabaki yake huua bakteria wa mtindi, na kuchemsha hakuyaondoi. Maziwa hayo usiyatumie. Afisa mifugo atakuambia siku za kusubiri baada ya sindano kabla maziwa kutumika.