Mshahara wa kwanza: akaunti na kadi gani?

Mdogo wangu, umeuliza kama uweke mshahara wote kwenye benki moja na utembee na kadi yake. Benki moja yatosha kuanzia, ila hakikisha ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Amana zako hapo zina bima ya KDIC, shirika la serikali la kulinda amana za benki, hadi shilingi 500,000 kwa kila benki. Si jambo dogo: Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, wateja wakaamka hawafikii pesa zao. SACCO ni nzuri kwa akiba na mikopo, lakini bima hiyo ya KDIC haigusi pesa za huko.

Kuhusu kadi, chukua ya debiti, inayotoa pesa zako mwenyewe. Ya mkopo isubiri, riba yake hutafuna mshahara mdogo upesi sana. Na tafadhali, usiiunganishe kadi ya akaunti ya mshahara na kila duka la mtandaoni. Fungua akaunti ya pili ndogo, utie humo pesa za matumizi tu. Namba za kadi yake zikiibwa, kodi ya nyumba ibaki salama.

Laini ya simu nayo ilinde, maana wezi wengi huanzia hapo kwa kuhamishia namba yako kwenye laini yao ili wapokee namba za siri za benki. Weka PIN kwenye laini yenyewe, washa ujumbe wa kila muamala, na anayejiita mhudumu wa benki akikuomba namba ya siri, kata simu.