Limau likishaondoka ndipo unaijua pafyumu yako

Chupa yangu ya kwanza ya pafyumu ya limau, majani na mbao niliinunua kwa pupa. Muuzaji alinipulizia mkononi, nikanusa, ikanijia harufu ya ganda la limau linalomenywa papo hapo: kali, safi, ya kumwamsha mtu. Nikalipa. Nilipofika nyumbani limau lilikuwa limeshakwenda zake, na mkono wangu ulinukia penseli iliyotoka kuchongwa. Niliamini nimeuziwa feki. Kumbe ilikuwa halisi, ila mimi sikujua kuinusa.

Harufu za jamii ya machungwa, yaani limau, ndimu, balungi, bergamoti na ndugu zao, hutoka zaidi kwenye mafuta ya maganda, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonini. Chembe zake ni nyepesi, zinaruka hewani upesi. Dakika kumi na tano, ukibahatika nusu saa, sherehe imekwisha. Mbao ni kinyume chake: mwerezi, msandali na mizizi ya vetiveri (aina ya nyasi) vina chembe nzito zinazong'ang'ania ngozi kwa saa nyingi. Katikati hukaa majani kama lavenda, rosemari na seji, wakati mwingine na iliki kidogo. Watengenezaji wakisema pafyumu ni "aromatiki" ndiyo majani hayo wanayoyakusudia, maana kunukia tu kila pafyumu inanukia.

Kwa hiyo anayenunua kwa mnuso wa kwanza analipia saa sita kwa kuonja robo saa. Na ile penseli, kwa taarifa yako, pua yangu haikukosea. Mbao ya mwerezi wa Virginia ndiyo iliyotumika miaka mingi kutengenezea penseli, ingawa wataalamu wa mimea watakuambia si mwerezi wa kweli, ni jamii ya mreteni.

Siku hizi karatasi ya kujaribia naitumia kukataa tu. Nisichokipenda kwenye karatasi sikipi nafasi ya ngozi. Kinachopita hapo nakipuliza kwenye mkono mmoja, cha pili kwenye mkono wa pili, basi. Cha tatu kinavuruga hesabu. Siku hiyo sijipaki kitu kingine chenye harufu, hata losheni. Halafu natoka dukani. Nanusa baada ya robo saa, baada ya saa moja, kisha saa ya nne, na kila mara naandika neno moja au mawili kwenye simu: "majani mabichi", "sabuni", "mbao kavu", "kichwa kinauma". Hilo la mwisho limeniokolea fedha nyingi. Zile buni za kahawa zinazowekwa dukani eti za kusafisha pua, achana nazo. Toka nje uvute hewa, au nusa kiwiko chako mwenyewe.

Kosa lililonitia aibu lilikuja baadaye. Nilikuwa na pafyumu ambayo baada ya saa moja siisikii kabisa, nikaanza kujipulizia mara nane, tisa. Siku moja kwenye kikao mwenzangu aliinuka kimya kimya akafungua dirisha, kisha akahamia kiti cha mbali. Pafyumu ilikuwepo muda wote. Pua yangu ndiyo iliyoizoea ikaacha kuniarifu. Mbao za kisasa ni hodari kwa mchezo huo. Ipo malighafi ya maabara iitwayo Iso E Super, laini, yenye harufu ya mbao, ambayo baadhi ya watu hawaisikii hata kidogo na wengine inawajia na kupotea. Mtengenezaji Geza Schoen aliitumia peke yake katika pafyumu yake Molecule 01 mwaka 2006, na hadi leo wapo wanaoinusa chupa ile wakaona kama maji. Kabla ya kulalamika kwamba pafyumu haidumu, muulize aliye karibu nawe kama anaisikia.

Ikiwa kweli haidumu, usiongeze mipulizo asubuhi. Beba kichupa kidogo ujipulizie tena mchana. Limau halina dawa nyingine, hata ukinunua toleo zito zaidi utakachoongeza hasa ni mbao. Ngozi kavu huimeza harufu, kwa hiyo losheni isiyonukia kabla ya kupuliza husaidia. Nguo huishika muda mrefu zaidi, ila jaribu kwanza upande wa ndani, maana baadhi huacha doa. Kama unachanganya mwenyewe mafuta ya bergamoti au ndimu yaliyokamuliwa, usiyapake sehemu inayopigwa na jua. Yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue kwa jua na kubaki na mabaka. Pafyumu za viwandani kwa kawaida hutumia bergamoti iliyoondolewa kemikali hizo.

Kuhusu jinsia, sina mengi. CK One ya Calvin Klein, ya mwaka 1994, ndiyo iliyoifanya pafyumu ya wote, wanaume kwa wanawake, kuwa habari ya mjini, lakini kolonya ambayo Johann Maria Farina aliitengeneza mjini Cologne, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18, nayo ya machungwa na majani, ilipakwa na wanaume kwa wanawake. Pafyumu ya Terre d'Hermès, aliyoitunga Jean-Claude Ellena, imeandikiwa wanaume, ina chungwa, vetiveri na mwerezi, na dada yangu aliichukua kwangu wala hajairudisha. Inamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Nilishaacha kudai.

Jambo moja zaidi: usiiweke chupa bafuni wala dirishani. Joto, mwanga na hewa huiozesha limonini kwanza. Yangu moja niliiacha kwenye gari wiki kadhaa, ikarudi na mwanzo unaonukia tapentaini, ingawa chini mbao zilikuwa zimebaki salama. Bado naitumia. Naipuliza, naenda kupiga pasi, nikirudi kuvaa tapentaini imeshaondoka.