Asali ikiganda, iweke mtandaoni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ukiweka bango la "asali ya Tabora ipo, piga namba hii" kila siku, watu wanaacha kukufuata. Ukifundisha, wanakushukuru na hawanunui. Ushike lipi?

Nimepitia ukurasa wako wa Instagram kwa simu ya mdogo wako. Mafundisho unayo, ila ni faida za kunywa maji asubuhi na maneno ya matajiri. Mtu akishasoma hayo atabaki kufanya nini kama si kushukuru na kwenda zake? Fundisha lile linalomzuia kutoa hela.

Mnunuzi wa asali hapo Dar anaogopa iliyochakachuliwa. Chupa ikiganda tu, keshasema ni sukari. Mweleze kuwa asali halisi nayo huganda, mapema au baadaye kutegemea maua waliyopitia nyuki, na friji huiharakisha. Akiiweka kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, itayeyuka. Piga picha chupa yako mwenyewe iliyoganda; wenzako wanazificha. Kile kiberiti wanachochovya kwenye asali na kukiwasha mbele ya kamera kuonyesha kuwa ni halisi, achana nacho, maana sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo hupita. Waambie pia kwa nini asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu na bei yake imepanda: mzinga wao hutoa kidogo mno.

Na lisemwe wazi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo, inaweza kumletea ugonjwa wa botulizimu, nao unaweza kuua. Mama yake anayenyonyesha anaweza kula. Hapo utakosa kuuza chupa moja, lakini mama huyo atakuamini utakapomwambia jambo jingine.

Tangazo nalo usilionee haya. Chini ya somo la kuganda andika ujazo wa chupa, bei, na mnapopeleka. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inaniudhi sana. Sokoni kwetu anayekataa kutaja bei mbele za watu tunajua anataka kwanza akutazame viatu.

Za "mzigo umeingia, zimebaki chupa chache" zipeleke status ya WhatsApp. Walioko huko namba yako wanayo, na baada ya saa 24 imefutika yenyewe, haimchoshi mtu. Mzigo ukiwa mpya tangaza hata kila siku, ukiisha, fundisha. Hizo hesabu za masomo mangapi kwa tangazo moja mimi sizifuati.

Mdogo wako atakutumia video mbili za kurina. Ile ya pili usiirushe, mjomba wako amevaa fulana ya chama.

Baba yako