Peugeot ya baba, redio ya nobu mbili: muziki mzuri bila kukata kitu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1977, na mimi ndiye ninayeitumia hapa Tanga, kutoka Raskazone kwenda kazini, na mwisho wa wiki mpaka Muheza. Ndani iko vilevile alivyoinunua: redio ya nobu mbili inayoshika mawimbi ya kati tu, na spika moja chini ya grili ya dashibodi, ambayo siku hizi inakoroma. Mafundi wawili wameniambia dawa ni kutoboa makava ya milango ziingie spika za inchi 6, na kutanua tundu la redio iwekwe ya kisasa yenye skrini. Sitaki. Nataka nisikilize taarabu ya Black Star na nyimbo za Atomic Jazz kutoka kwenye simu, maneno yasikike gari likiwa mwendoni, na mtu akifungua mlango asijue kama kuna kilichobadilika. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana, dada yangu, na umefanya vyema kuwakatalia. Kava la mlango likishatobolewa halina marudio, na la 504 utalitafuta mpaka uchoke.

Mafundi wengi huanza na redio kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi kwa gari kama lako huanza na matundu. Amplifaya inajificha, Bluetooth inajificha, nyaya zinapita chini ya kapeti. Kisichojificha ni spika peke yake, maana sauti lazima ipate pa kutokea. Basi swali la kwanza ni: gari lina matundu gani tayari, na tunaweza kuyatumia vipi? Wewe unalo moja, katikati ya dashibodi, na kwa nyimbo ulizozitaja hilo moja si haba hata kidogo. Sehemu kubwa ya santuri za bendi na vikundi vyetu vya miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti zote katika njia moja. Shakila akiimba na Black Star, hakuna fidla iliyowekwa kushoto na kinanda kulia. Vyote vimetoka pamoja. Spika moja nzuri mbele ya uso wako haikupunguzii kitu.

Tatizo ni kwamba simu inatoa njia mbili, kushoto na kulia. Usimruhusu mtu akasokota nyaya za njia hizo mbili pamoja kwenye matokeo ya amplifaya, ataiunguza. Ziko njia mbili salama. Moja ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, na kuwasha sauti ya mono. Android nyingi na iPhone zinayo. Halafu unatumia njia moja tu ya amplifaya. Nyingine, ninayoipenda zaidi, ni kununua spika yenye koili mbili (koili ni waya uliozungushwa unaosukuma koni) katika koni moja: koili moja inapokea kushoto, nyingine kulia, na hewani zinakutana. Ukipiga wimbo wa leo uliogawanywa, hakuna ala inayopotea.

Kabla hujanunua, toa grili na uitazame spika ya zamani. Weka vidole gumba viwili juu ya koni, upande huu na upande huu, usukume taratibu kwa usawa. Ikiingia na kutoka kimya, koili ni nzima, na huo mkoromo unatokana na karatasi iliyopasuka ukingoni au skrubu iliyolegea. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, koili imeegemea sumaku, haina tena maisha. Hapa kwetu pwani koni za karatasi hazidumu, unyevu unazila pole pole. Chukua yenye koni ya plastiki na ukingo wa raba. Ile ya zamani ifunge kwenye mfuko, andika jina, iweke ndani. Siku ukitaka kuuza gari kwa mtu wa magari ya kale, atakuuliza iko wapi.

Pima vitu vitatu: upana wa tundu, umbali wa matundu ya skrubu, na kina kutoka usawa wa spika mpaka kitu cha kwanza kilicho chini yake, iwe bomba la hewa au mkono wa waipa. Kina ndicho kinachowaumbua watu, kwa sababu sumaku za spika za sasa ni nene. Umbo la spika mpya lisipolingana, kata kipande cha plaiwudi ya milimita 6 kwa umbo la ile ya zamani, kifunge kwa skrubu zilezile, na spika mpya ikae juu yake. Usitumie MDF, ule ubao wa unga wa mbao, ikinyonya unyevu inavimba na kumung'unyika.

Na ukiwa dukani usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Angalia namba ya desibeli, yaani usikivu wa spika. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati moja inatoa sauti ambayo ya desibeli 87 inahitaji wati mbili kuifikia. Ya 84 inahitaji wati nne. Kila desibeli 3 ni nusu ya umeme. Kwa gari la zamani hesabu hiyo ina maana kuliko kwa gari jipya, na sababu ni alteneta, ile inayochaji betri.

Alteneta za magari ya wakati ule nyingi zilikuwa za ampea 35 hadi 55, na gari likiwa sailensa, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, zinatoa pungufu ya hapo. Sasa piga hesabu ya usiku wa mvua kutoka Muheza: taa kubwa na za nyuma zinakula kama ampea 12, waipa 4 au 5, mfumo wa kuwasha plagi karibu 4. Tayari 20 zimekwenda. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, yenye jumla ya wati 200, ikisukumwa mpaka mwisho, inavuta kama ampea 17. Ya daraja AB, aina ya zamani zaidi, kwa kazi hiyohiyo inafika 26, na tofauti yote inaishia kuwa joto chini ya siti yako. Muziki haukai kileleni muda wote, wastani wake ni theluthi au chini, kwa hiyo daraja D ndogo ya wati 40 au 50 kwa kila njia inakutosha na betri haitalalamika. Ni ndogo pia kwa umbo, inakaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi au chini ya siti ya abiria.

Waya wa umeme uvutwe moja kwa moja kutoka kwenye betri, usidonolewe kutoka waya wa redio, ambao ni mwembamba na una umri wa gari lenyewe. Tumia shaba ya milimita za mraba 6. Kwa urefu wa mita 5 na ampea 20, unapoteza karibu volti 0.3, ukitumia wa 2.5 unapoteza 0.7, na hapo ndipo besi inapokatika katika kila mdundo. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na waya usio na fyuzi ukichunika kwenye bati ni moto. Pitia kwenye tundu la kiwanda lenye raba, katika ukuta unaotenganisha injini na ndani. Mara nyingi raba ya waya za asili ina nafasi ya mmoja zaidi. Na kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikibaki nyekundu mpaka ndani ni shaba. Ikigeuka nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo inapitisha umeme vibaya zaidi, na kwa chumvi ya hapa kwetu itaoza kwenye viungo. Madukani zimejaa, na bei peke yake haikuonyeshi udanganyifu.

Arthi nayo, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari: bolti ya reli ya siti inafaa. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isianze hapo.

Spika ya dashibodi, hata iwe nzuri namna gani, haitatoa besi. Gitaa la besi linashuka mpaka hezi 41, na koni ya inchi 4 chini ya hezi 120 hivi inahangaika tu na kuchafua sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo kwenye amplifaya weka kichujio kiikatie sauti za chini ya hezi 120, na kazi ya chini mpe sabufa bapa ya kukaa chini ya siti, ile yenye amplifaya yake ndani. Nayo ipewe fyuzi yake. Pima nafasi siti ikiwa imesogezwa mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho, na mtu mzito ameikalia, kwa sababu springi zinashuka. Ifunge kwa kipande cha bati kwenye bolti za reli zilezile. Usiiwashe kwa nguvu. Ukiweza kuelekeza kidole ilipo, umeizidisha.

Spika za nyuma, kwenye ule ubao ulio chini ya kioo, nisingeziweka. Abiria wa mbele anaishia kusikia muziki kisogoni. Kama watoto wa nyuma watalalamika, chonga ubao wa plaiwudi unaofanana na ule wa asili, uvike kitambaa cha rangi ileile, utoboe huo, na wa asili uuhifadhi.

Tuje kwenye redio. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara havikusaidii, vinarusha FM na redio yako haina FM. (Wenye magari yaliyotoka Japani mnajua kisa kingine: redio zao nyingi zinaanzia megahezi 76 na kuishia 90, ndiyo maana stesheni nyingi za hapa hazikamatiki bila kigeuzi.) Kuna wanaoingiza kadi ya Bluetooth ndani ya redio yenyewe, sauti ikapitishwa kwenye nobu ya volyumu kupitia kapasita ndogo inayozuia umeme wa moja kwa moja. Ni kazi nzuri, nobu inaendelea kutumika, lakini inataka fundi redio mwenye mkono mwepesi, si fundi umeme wa magari. Ushauri wangu: redio ikiwa bado inaongea, iache. Kipokezi cha Bluetooth kiweke kando, kikae nyuma ya dashibodi pamoja na amplifaya, volyumu uitumie ya simu. Nyaya za spika za redio ziache na spika yoyote ndogo imefungwa huko nyuma, yenye ohmu zilezile, kwa sababu baadhi ya redio za zamani huunguza matokeo yake zikiwashwa bila mzigo, yaani bila spika.

Umeme wa hicho kipokezi na waya wa kuamsha amplifaya uchukue kwenye upande wa swichi unaokatika ukichomoa ufunguo. Kipokezi kinachovuta miliampea 60 usiku na mchana kinakula ampea-saa 1.4 kwa siku. Gari likilala wiki tatu, 30 zimekwenda, na betri ya 45 haiwashi tena.

Utakapowasha mara ya kwanza huenda ukasikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Mara nyingi chanzo ni kipokezi na amplifaya kuwa na arthi sehemu mbili tofauti. Zipeleke kwenye bolti moja, na ukibaki weka kitransfoma cha kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kama ni mlio wa tik-tik-tik, hizo ni plagi. Angalia herufi R katika namba ya plagi za NGK, mfano BPR6ES badala ya BP6ES. R inamaanisha ina ukinzani ndani wa kuzuia kelele. Kabla ya kubadili, hakikisha saizi na joto la plagi vinabaki vile vya injini yako. Kondensa ya kuzuia kelele, kama ya maikrofaradi 2.2, inafungwa kwenye koili ya plagi, upande unaopokea umeme wa swichi. Ikifungwa upande wa distribyuta, gari litasumbua kuwaka.

Umesema unataka maneno yasikike barabarani. Kabla ya kuongeza wati, badilisha raba za milango. Baada ya miaka karibu 50 zimekauka, na upepo unaopenya pale kwenye mwendo wa 80 unafunika sauti ya mwimbaji kuliko injini. Chini ya kapeti tandaza sponji isiyonyonya maji, usitumie felti. Ukifungua kava la mlango kubandika raba ya kuzuia mtetemo, robo ya bati inatosha, na usizibe vitundu vya chini vya kutolea maji. Ile lami ya kuzibia mapaa usiiguse: jua la Februari litaiteremsha mpaka kwenye viatu vyako.

Kwa fedha, anza na spika ya mbele, amplifaya na nyaya. Sabufa inaweza kusubiri mwezi mwingine, raba za milango haziwezi.