Vidonge kabla ya mechi

Swali: Kaka, mimi ni beki wa kati timu ya mtaani, Kirumba. Mgongo unanisumbua, nameza vidonge vya maumivu kila mechi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mdogo wangu. Unamkumbuka Daniel Agger wa Denmark, beki wa zamani wa Liverpool? Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2007, nahodha wake Gerrard anamsogezea frikiki, naye anaichapa chinichini kwa kushoto, Chelsea hoi. Lile goli! Basi alistaafu 2016 akiwa na miaka 31 tu, na mwenyewe alisimulia alivyozidisha dawa za maumivu ili acheze. Dawa inaficha maumivu, jeraha linabaki, huku tumbo na figo vikiumia. Nenda hospitali ya Sekou Toure wakuangalie huo mgongo. Kocha akinuna, anune.