Springi na shokapu za 4x4: anza na uzito, kimo kitafuata

Kila nikipaki gari lazima atokee mtu aniulize umenyanyua inchi ngapi. Swali ni hilo hilo siku zote, inchi ngapi. Na mimi namuuliza, kwani gari yako inabeba nini? Maana springi inachaguliwa kwa uzito, kimo baadaye, na hilo nimelijua baada ya kununua springi mara mbili kwa gari moja.

Gari yenyewe ni Land Cruiser 80, ina koili (springi za kujizungusha) mbele na nyuma, ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma. Nilipoipata nyuma ilishakaa, ukipakia watu na mizigo makalio yanashuka chini kabisa, usiku taa zinamulika matawi ya miti. Nikaenda nikachukua springi ngumu kuliko zote, zile za kubeba kilo 400 za kudumu nyuma, nikiamini ngumu ndo imara, shokapu nikaacha zile za zamani kwa sababu zilikuwa hazivuji. Gari ikanyanyuka kweli, ikapendeza. Ila ikiwa tupu, ukipita tuta dogo tu nyuma inaruka, ikitua inaruka tena, na kwenye kona yenye changarawe mkia unahama wenyewe kuelekea mtaroni. Siku moja mke wangu akaniambia simamisha gari, akashuka na mtoto, wakakaa kwenye jiwe mpaka mtoto alipomaliza kutapika. Hiyo siku iliniuma sana, nikasema hii kitu lazima niielewe.

Iko hivi. Springi kazi yake ni kubeba gari, ikigandamizwa inaweka nguvu ndani, halafu inairudisha yote. Shokapu ndo inaizuia isirudi kwa fujo, pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu inageuka joto. Sasa ukiweka springi ngumu juu ya shokapu iliyotengenezwa kwa springi laini, au iliyochoka, nguvu inayorudi ni kubwa kuliko uwezo wa kuizuia. Kutovuja sio ushahidi kwamba shokapu ni nzima, valvu za ndani zinaweza kuwa zimeisha na nje kukavu kabisa. Mimi nilipima hivi: baada ya kama nusu saa ya barabara ya mawimbi nilisimama nikasogeza mkono karibu na kila shokapu (usiishike, inaunguza). Tatu zilikuwa za moto, ya nyuma kushoto ilikuwa baridi kama imelala stoo. Ile ya baridi ndo imekufa, haifanyi kazi yoyote, na wenzake wanaibebea.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chukua kalamu, andika vitu vinavyokaa kwenye gari kila siku. Bampa ya chuma ya mbele inaweza kufika kilo 60, winchi na waya wake kilo 30 hadi 40, keria ya juu, betri ya pili. Lita moja ya maji ni kilo moja, dizeli ni kama kilo 0.84 kwa lita, maana yake tenki la ziada la lita 90 likijaa ni kama kilo 75. Chagua springi kwa uzito wa kila siku, usichague kwa ile safari moja ya mwaka. Kwa siku za mzigo mimi nimeweka mifuko ya hewa ndani ya koili za nyuma, najaza nikipakia, napunguza nikishusha. Wenye pikapu za springi za kupangwa (vyuma bapa vilivyolaliana) wawe waangalifu na mifuko hiyo, inasukuma fremu sehemu moja ambayo haikukusudiwa kubeba, na fremu zimewahi kupinda hivyo. Na naomba sana hili lieleweke, springi ngumu haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Breki na ekseli ni zile zile.

Shokapu chukua zinazoendana na springi yako, kwa nguvu na kwa urefu. Ikiwa fupi, gurudumu likining'inia shokapu ndo inabeba ekseli yote na mwisho inang'oka. Ikiwa ndefu sana, inafika mwisho wake kabla mpira wa kuzuia ekseli isigonge fremu haujagusa, inajipiga yenyewe. Zile za bomba moja zenye gesi ya nitrojeni zinapoza vizuri kwenye rafu rodi ndefu, lakini jiwe likibonyeza bomba pistoni inakwama, za mabomba mawili zinavumilia zaidi kugongwa. Mimi napita sana kwenye mawe, nikachukua za mabomba mawili zenye oili nyingi na sijutii.

Kufunga nako kuna mambo. Mara ya kwanza fundi alikaza bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio) gari ikiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, gari ilipotua mipira yote ikajisokota, ndani ya miezi miwili nikaikuta imechanika kama kandambili. Bolti hizo zinakazwa mwisho kabisa, gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ukinyanyua milimita 50 kwenye gari kama yangu kasta (ule mlalo wa kurudi nyuma unaosaidia usukani kujirudisha katikati) inapungua, usukani unaanza kutangatanga na haurudi katikati, utahitaji bushi za kurekebisha kasta. Ile fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni nayo inavuta ekseli upande mmoja. Cheki mipira inayopitisha oili ya breki isivutike gurudumu likishuka mpaka mwisho, na kama una ile valvu ya breki za nyuma yenye mkono ulioshikana na ekseli irekebishwe, la sivyo itadhani gari haina mzigo na breki za nyuma zitapungua nguvu. Wenye springi za kupangwa nunueni yubolti (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) mpya, za zamani zilishavutika. Na koili iliyofungwa pamoja na shokapu yake usiifungue nyumbani bila kifaa cha kubana springi, ile ikifyatuka inaua.

Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa mudgadi, kona zote nne, kabla na baada. Springi mpya hukaa kidogo mwanzoni, kwa hiyo baada ya kilomita 500 rudi chini na spana ukaze tena, upime tena, ndo upeleke alaimenti ya mwisho na kushusha taa. Yangu kulia ilikuwa chini kwa milimita 12, nikaweka kipande cha kunyanyulia juu ya koili, ikakaa sawa.